Fundi wa Redio za Maji

Ukimsikia mtu anaigombeza antena kama mama anavyomgombeza mtoto aliyemwaga maziwa, basi huyo ni Fundi. Nilifanya naye kazi miaka mingi kwenye ofisi ya maji, Busia, upande wa Uganda, na sijapata kumsikia akimfokea binadamu kwa moto ule aliouwasha akikuta waya umefungwa ovyo. Jina lake nalijua, ila sitaliandika, kwa sababu hakuna aliyelitumia. Hata mkewe alimwita Fundi mbele yetu.

Mimi ni Mkenya wa ng'ambo ya barabara. Kila asubuhi navuka mpaka kwa miguu, nasalimiana na watu wa uhamiaji, naingia kazini, jioni narudi kwangu. Kazi yangu ni kukaa mbele ya skrini na kuangalia matangi ya maji yaliyoko Dabani, Masinya na Iyolwa. Kila tangi lina pampu yake, na lina redio ndogo. Si redio ya muziki wala ya taarifa ya habari. Hii inatuma tarakimu tu: maji yamefika kimo gani, pampu inafanya kazi au imelala. Pale ofisini tuna redio moja kubwa iliyofungwa kwenye mlingoti, na hiyo ndiyo inayoziuliza zile za vijijini, moja baada ya nyingine, kutwa kucha. Fundi aliiita Mama, na zile nyingine aliziita watoto. Mama akiita namba, mtoto mwenye namba hiyo anajibu na wengine wote wananyamaza. Mtandao wenyewe ndio huo, hauna uchawi mwingine.

Lakini mtoto mmoja akinyamaza siku nzima, aka, utaona moto! Pampu inavuta hewa hadi inaungua, au tangi linakauka na akina mama waliojifungua pale zahanati ya Masinya wanaogeshwa kwa maji ya ndoo yaliyotoka bondeni. Kwa hiyo usinicheke nikikwambia nilimpenda mtu kwa sababu alijua kuzipanga redio. Wengine huwapenda watu kwa sababu hafifu zaidi.

Cha ajabu ni kwamba mtu mwenyewe alikuwa na mdomo! Asubuhi alifika kwa pikipiki kutoka Tororo akiwa ameshaanza kuongea kabla hajavua kofia. Aliongea akila rolex yake, chapati iliyoviringishiwa mayai mawili, ambayo mkewe hakutakiwa kujua habari zake maana daktari alishapiga marufuku mafuta. Aliongea akiwa ndani ya choo. Halafu mtu huyohuyo, akishafungua kompyuta yake na kuunganisha waya kwenye redio, mahubiri yake yote yalikuwa juu ya kunyamaza.

Siku moja Wandera, mlinzi wa tangi la Masinya, alimjia na ombi. Wandera ni mtu mpole, anaongea Kiswahili cha huku kwetu, cha sokoni.

"Fundi, ongeza nguvu. Hii redio yangu nasema pole pole sana. Weka mpaka mwisho."

"Mpaka mwisho wapi?" Fundi akamuuliza. "Unataka wakusikie Kisumu? Huko Kisumu nani anataka kujua maji yako?"

"Lakini Fundi, nguvu si ni nzuri?"

"Wandera, wewe ukimwita mkeo ndani ya nyumba, unatoka nje na kipaza sauti?"

Tulicheka hadi mbavu zikauma, na Wandera naye akacheka. Lakini Fundi hakuwa anatania. Kila redio aliipa nguvu ya kufika tu, basi. Alisema hapa si jangwani, ng'ambo kuna watu nao wana redio zao, na mtu akipiga kelele mpakani anaharibia nchi mbili kwa mara moja. Alichofanya ni kuigeuza antena ya Wandera kidogo, ile iliyofanana na mifupa ya samaki, ikatazama Busia sawasawa. Kwenye skrini yangu Masinya ikang'aa bila nguvu kuongezwa hata chembe.

Na antena hizo, nikuambie, hakuzipanda yeye. Fundi wa milingoti aliogopa ngazi! Alikiri waziwazi. Alisema miguu yake ilikubaliana na ardhi zamani na hataki kuvunja mkataba. Aliyepanda ni Othieno, mlinzi wa tangi la Iyolwa, mtu wa makamo mwenye watoto wanne, mwepesi kama nini. Fundi alisimama chini, kompyuta mkononi, akipaza sauti: "Kushoto! Kidogo! Nimesema kidogo, Othieno, wewe unageuza shingo ya ng'ombe?" Othieno akijibu kutoka juu, "Fundi, njoo ufanye mwenyewe!" Hapo Fundi alijitia hamnazo, akaanza kuuliza habari za mihogo.

Jambo jingine alilotufundisha ni kungoja. Redio ikiamka haiwezi kusema papo hapo, inahitaji kituo kidogo, yaani kitambo cha kungoja, ndipo ianze, la sivyo maneno ya mwanzo yanamezwa na Mama anapokea nusu ya tarakimu. Kila tangi lina kituo chake, kwa sababu ya umbali na vifaa. Sisi wenye haraka tungeweka sawa kote. Fundi aliweza kukaa Iyolwa tangu asubuhi hadi adhuhuri akiongeza kidogo, akipunguza kidogo, akinipigia simu: "Opereta, sasa?" Namjibu, "Bado." "Sasa?" "Bado kidogo, Fundi." "Hata wewe ukiamshwa huanzi kuimba, mwache mtoto avute pumzi." Wallahi, aliniita Opereta miaka yote, kama kwamba ndilo jina alilonipa mama yangu.

Usifikiri alikuwa malaika. Alikuwa na makosa yake, na moja lilikuwa kubwa, nalo ndilo nililompendea zaidi. Zamani, mtandao ukiwa mpya, alizipanga redio zote mezani ofisini. Aliipanga ya kwanza, ya Iyolwa, vizuri, kisha ili asichoke akanakili mpango wake na kuumwaga kwenye zile nyingine, akikusudia kubadilisha namba tu. Ya Masinya aliibadilisha namba. Ya Dabani, chai ikaletwa, akasahau. Kila redio alipoijaribu peke yake ilijibu. Akazipeleka, akazifunga, akarudi Tororo akijisifu njia nzima.

Dabani na Iyolwa zikawa na namba moja. Mama akiita, zote mbili zinajibu kwa pamoja, mimi napata takataka. Au anajibu aliye karibu, na tarakimu za Dabani zinaandikwa Iyolwa. Tangi la Dabani likajaa, basi pampu ya Iyolwa ikazimwa, na watu wa Iyolwa wakatoka na madumu. Fundi akalaumu mvua. Kisha akalaumu mikaratusi. Kisha, akinitazama mimi, akawalaumu Wakenya. Nikampa vidonge vyake palepale! Nikamwambia Wakenya hawajui hata kama Iyolwa ipo.

Alipoligundua kosa lake alikuwa mbele yetu sote. Alinyamaza, jambo ambalo lilitutisha. Kisha akacheka, akacheka mpaka akatoa leso. "Nimewapa watoto wawili jina moja," akasema, "halafu nashangaa wote wanaitika!" Akatununulia soda wote, akaenda mwenyewe Iyolwa kuomba radhi kisimani, kwa akina mama waliobeba madumu. Wakubwa wangapi unaowajua wangeenda?

Tangu siku hiyo akaanzisha utaratibu ambao sijauona kwingine. Hakupanga redio mezani tena, na hakunakili kitu tena. Aliichukua redio ikiwa tupu hadi kwenye tangi lake, akaketi chini, kompyuta magotini, akamwita mlinzi wa pale aje aishike. Waliokuja kuteka maji aliwaambia wasogee. Dabani mlinzi ni Nabwire, mama mmoja asiyependa mchezo.

"Nabwire, huyu mtoto namba yake ngapi?"

"Tatu."

"Nguvu?"

"Ya pili kutoka chini."

"Kituo?"

"Inangoja kidogo kuliko ya Masinya."

"Sema watu wasikie."

Nabwire akapaza sauti, na wale wa madumu wakarudia, wakicheka, kama watu wanaopokea mtoto mchanga. Hapo ndipo Fundi alipobonyeza kitufe cha kuhifadhi. Wakubwa wa ofisi walimwambia ni upotevu wa muda. Akawajibu kwamba mtoto mwenye mashahidi hapotezi jina.

Wakati mmoja tuliletewa vifaa vya kutumia laini ya simu, vichukue nafasi ya redio. Nilidhani Fundi atanuna. Alivifunga mwenyewe kwa bidii yote. Vilifanya kazi vizuri Iyolwa. Lakini Dabani, kama simu zetu sote hapa, kifaa kikawa kinashika mtandao wa Kenya kila upepo ukivuma, laini inakataa, na tarakimu hazifiki. Fundi hakumcheka mtu. Alivivua, akavifunga vizuri kwenye maboksi yake, akasema ni vitu vizuri na vitafaa mahali pasipo na jirani wa karibu namna hii.

Sasa nije kwenye ugomvi wetu, maana tuligombana, na tuligombana sana. Kila redio ina neno la siri. Bila neno hilo huwezi kuingia ndani yake kubadilisha kitu. Neno hilo Fundi alikuwa nalo kichwani, peke yake. Mlinzi yeyote alijua namba yake, lakini mlango wa kuingilia aliujua Fundi tu. Nilimwomba kwa upole. Nikamwomba kwa hasira. Nikamwambia, "Fundi, ukianguka na pikipiki leo hapo njiani, maji ya watu hawa tutayafanyaje?"

"Sitaanguka."

"Kila aliyeanguka alisema hivyo."

Akakunja uso. "Opereta, nikikwambia, kesho utaniita kwa sababu gani?"

Ilinichoma ile. Nilijua ni upuuzi, na nilijua pia kwamba ni kweli tupu, mtu anaogopa kukaa nyumbani Tororo simu yake isilie. Lakini nilikasirika, na mpaka leo nikikumbuka nakasirika, hata nikiwa nampenda. Alikuwa amewapa watu wote namba, akaubania ufunguo mmoja tu, na ufunguo huo ndio uliokuja kututoa jasho.

Alistaafu. Sukari ilimsumbua, presha nayo, na simu alizonipigia za kuulizia watoto zikawa chache. Kisha mambo yakaharibika. Skrini yangu ilianza kutapika. Mama anaita, majibu yanakuja vipande vipande. Masinya ilionyesha imejaa, na Wandera ananipigia simu kwamba tangi ni kavu, zahanati wanalia, kuna mama amejifungua pacha na hakuna tone la maji. Tukachunguza, kumbe ng'ambo ya mpaka kuna yadi ya malori wamefunga redio zao juu ya chaneli ileile yetu. Wana kibali halali cha Kenya, nasi tuna kibali halali cha Uganda, na mawimbi hayasimami getini kugonga pasipoti. Hakuna wa kumlaumu. Tukaomba chaneli nyingine, tukapewa. Kilichobaki ni kuiingiza kwenye redio, na kuingia ndani kunataka lile neno.

Nikaenda Tororo, asubuhi, na mkate na machungwa kama desturi. Mkewe akanipokea, "Karibu, mama, ingia." Macho yake yakanieleza kabla ya mdomo. Fundi alikuwa ameketi barazani, amekonda, kanzu inamning'inia. Alinijua. Aliniita Opereta, akaniuliza kama Wandera bado anataka kusikika Kisumu. Moyo ukatulia. Nikamweleza yote, habari ya yadi, habari ya pacha, nikamwomba neno.

Akafungua mdomo. Akaufunga. Akataja neno moja, akatikisa kichwa. Akataja jingine. Nikayajaribu kwa simu na kijana wa zamu aliyekuwa ofisini, kila moja likakataliwa. Fundi akaanza kujipiga paji la uso kwa kiganja, pole pole mwanzo, halafu kwa nguvu, mkewe akamshika mkono. "Lilikuwa hapa," akasema. "Opereta, lilikuwa hapahapa. Nani amelichukua?" Nililia, sikujificha. Zile hasira zangu zote za zamani sikuziona tena zilikokwenda.

Njia nyingine tuliijua sote wawili. Nyuma ya kila redio kuna tundu dogo, ndani yake kitufe. Ukikibonyeza kwa pini na kukishikilia, redio inarudi kama ilivyotoka kiwandani. Neno la siri linafutika, lakini na kila kitu kingine kinafutika pamoja nalo: namba, nguvu, kituo, asubuhi zote zile za Iyolwa. Na nakala hakuna, kwa sababu yeye mwenyewe alikataa nakala. Sikuthubutu kuitaja njia hiyo. Ni kazi ya maisha yake, ningeanzaje?

Aliitaja yeye. Alitazama barabara, kisha akasema kwa sauti ya Fundi wa zamani kabisa:

"Futa."

"Fundi..."

"Futa zote, Opereta. Mama na watoto. Unangoja nini? Mtoto wa watu anaoga kwa maji ya bondeni, wewe unalia na mimi barazani. Chukua pini uende."

Nikaenda. Nilianza na Mama, nikamfuta na kumwekea chaneli mpya, na skrini yangu ikawa nyeupe, sijapata kuona kitu kinachotisha vile. Kisha nikapanda boda hadi Masinya, kompyuta begani, nikijiuliza nitakumbuka nini katika yale yote. Wandera akaishika redio. Sikuwa nimemwuliza kitu, akasema mwenyewe, wima kama mtu aliye mahakamani: "Namba mbili. Nguvu ya chini kabisa. Kituo kirefu kuliko wote." Na mama mmoja mwenye dumu akamkosoa: "Si kirefu kuliko wote. Kuliko Dabani tu." Wakabishana, na mwenye dumu ndiye aliyekuwa na haki. Dabani, Nabwire alinisomea yake huku akinihimiza nichape haraka, ana mahindi juani. Iyolwa nilimkuta Othieno ameshapanda juu, ananingoja. "Mimi nakwenda kushoto kidogo?" akauliza. Nikasikia mdomo wangu ukijibu kwa kelele, "Nimesema kidogo!" Maji yalifika Masinya kabla jua halijatua, na pacha wale wakaogeshwa maji safi. Kwenye redio zote niliweka neno la siri la muda, la kubahatisha, nikajiambia nitalibadilisha.

Nilirudi Tororo mara ya mwisho baada ya mvua kukatika. Mkewe alinionya mlangoni kwamba siku hizi kumbukumbu zinakuja na kuondoka. Siku hiyo zilikuwa zimeondoka. Fundi alinitazama kwa adabu, kama mgeni, akanikaribisha chai. Hakuniita Opereta. Hakuniita chochote. Kwa kuwa nilikuwa na kompyuta nikaifungua, nikamwekea magotini.

Mama alikuwa anaita. Masinya akajibu. Dabani akajibu. Iyolwa akajibu. Duru ikaanza upya. Fundi akainama. Akasogeza uso karibu, vidole vyake vikaanza kutembea vyenyewe. Akaangalia nguvu, akaguna. Akaangalia vituo, kimoja kimoja, kwa muda mrefu, akitafuta kosa. Namjua, alikuwa anatafuta kosa.

"Nani amezipanga hizi?" akauliza.

Ningeweza kusema ni wewe. Ningeweza kusema ni mimi. Nikasema, "Yupo mama mmoja, pale Busia."

"Mkenya?"

"Mkenya, Fundi."

Akacheka kidogo. "Anajua kazi huyo. Anawaacha wavute pumzi." Akaifunga kompyuta taratibu, akanirudishia kwa mikono miwili. Kisha akatazama huku na huku, akangoja mkewe aingie ndani, akanivuta kwa mkono wa nguo. "Wewe unamwona mara kwa mara?"

"Kila siku."

"Basi mpelekee kitu. Mtu kama huyo simfichi."

Akaniambia sikioni. Neno moja, fupi, bila kusitasita hata kidogo. Lilikuwa lenyewe, nililijua kwa namna alivyolitamka, na halikuwa likifungua chochote tena hapa duniani.

"Utamfikishia?"

"Nitamfikishia, Fundi."

Kesho yake asubuhi niliingia kazini, sikunywa hata chai. Nikalifuta lile neno la muda kwenye redio zote, nikaliweka la kwake. Kisha nikampigia simu Wandera, nikampigia Nabwire, nikampigia Othieno, nikawatajia herufi kwa herufi. Sasa tunalijua watu wanne, na yeye wa tano, siku akilikumbuka.